Kocha Asiyefukuzika wa Santa Rufina

Jumapili tarehe 9 Juni 1974, katika kanisa dogo la kiwanda cha sukari cha Santa Rufina, Librado Encarnación alimshika mikononi mtoto wa kike wa Teódulo Báez huku padri akimmiminia maji kichwani. Librado alikuwa na miaka ishirini na sita, kinyozi kwa kazi na mdakaji wa timu ya besiboli ya kiwanda kila Jumapili. Teódulo alikuwa mrushaji wa timu hiyo hiyo. Walipoingia kanisani asubuhi ile Librado alikuwa anaitwa Yayo na Teódulo Tolo, na walikuwa bado wanatukanana juu ya mechi ya wiki iliyopita. Walipotoka walikuwa makompadre.

Kompadre ni mtu aliyemsimamia mtoto wako katika ubatizo, na kwa watu wa mashamba ya miwa undugu huo unaupita ule wa tumbo moja. Ndugu wa tumbo moja huweza kupigana makonde leo na kesho wakala sahani moja. Makompadre hawapigani. Hawataniani, hawasutani, hawaitani majina ya utotoni. Ukimkuta kompadre wako amekosea, unatazama pembeni, na ukilazimika kusema, unasema kwa kuzunguka. Tolo na Yayo, waliokuwa wakirushiana matusi kutoka kilima cha mrushaji hadi kibao cha nyumbani, anapochutama mdakaji, waliyaacha yote mlangoni mwa kanisa.

Miaka ishirini baadaye, Septemba 1994, Librado ni mwenyekiti wa klabu na Teódulo ni kocha wake. Ni Librado aliyempa kazi hiyo. Timu, ambayo kila mtu huiita Maksai, imecheza mechi kumi na moja na kushinda tatu.

Ligi ya viwanda huchezwa katika msimu mfu, miezi ile ambayo miwa bado haijakomaa, mitambo iko kimya na nusu ya wanaume wa Santa Rufina hawana kazi. Timu inayoshika mkia huachia nafasi yake kiwanda kingine mwaka unaofuata. Kwa maneno mengine, Maksai wakimaliza wa mwisho, msimu mfu ujao Santa Rufina hakutakuwa na kazi wala mechi. Hilo ndilo lililoifanya kamati ya klabu ikutane Alhamisi saa tisa alasiri katika saluni ya Librado, ingawa haikuwa imeitwa.

Chago Mota, dereva wa gari moshi la miwa na mjumbe mwenye sauti kubwa kuliko wote, alikuwa kitini akinyolewa. Umeme ulikatika mashine ikiwa imefika katikati ya utosi. Librado akaiweka mashine chini, akakunja mikono. Chago akabaki na nywele upande mmoja.

"Usiondoke," Librado alimwambia. "Utarudi sasa hivi."

"Niondoke niende wapi na kichwa hiki?" Chago alisema. "Basi kwa kuwa tumefungwa humu, tuseme. Mwenyekiti, maksai wakikataa kuvuta mkokoteni, unambadilisha mwenye mjeledi."

"Kwanza unawatazama kwato," alisema Mwalimu Miledys Rijo. Yeye hufundisha hesabu katika shule ya kiwanda, na ndiye katibu wa klabu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Tumetazama kwato mpaka zimeoza, Mwalimu."

"Nitajie timu moja ya ligi hii iliyomfukuza kocha katikati ya msimu ikafika mbali."

"La Caoba!" Chago alijibu bila kufikiri. "Mwaka juzi. Walimtimua yule mnene, Jumapili iliyofuata wakatupiga sisi tisa kwa moja."

"Na Jumapili iliyofuata hiyo?"

"Hiyo sikumbuki."

"Walifungwa. Na iliyofuata wakafungwa tena. Walimaliza wa pili kutoka mwisho. Kila mtu anaikumbuka Jumapili ya kwanza tu."

Nje, mlangoni, wazee wanne walikuwa wakicheza domino juu ya meza ya mbao. Mmoja wao aligonga kete na kusema bila kugeuka, "Lakini Jumapili yenyewe ilikuwa tamu!"

Mwalimu Miledys hakuwa anamtetea kocha. Alitaka kujua wanafukuza kitu gani. Ukiuliza Santa Rufina kwa nini Maksai wanashindwa, utapewa sababu nyingi: joto, viatu, mdakaji aliyeoa mwezi wa saba. Lakini ukiuliza wanashindwa lini, jibu ni moja. Hadi zamu ya sita kati ya tisa huwa wanaongoza. Ikifika ya saba mrushaji amechoka, mipira yake haina tena uzito, na Kocha Teódulo anakaa benchini amekunja mikono, hamtoi.

"Sasa kama tatizo linajulikana," Mwalimu alisema, "mtu si amwambie?"

"Nani amwambie?" Chago aliuliza. "Mimi nilimwambia Agosti, akanijibu nikaendeshe treni yangu. Wachezaji hawathubutu. Anayeweza kumwambia akasikia ni mmoja tu hapa duniani."

Wote wakamtazama Librado. Librado akaokota kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

"Mimi ni kompadre wake," alisema.

Si kwamba hakuwa amejaribu. Teódulo hunyolewa ndevu hapo kila Ijumaa, na mwezi Agosti, akiwa amelazwa kitini na taulo ya moto usoni, Librado alimfungulia mlango wa maneno kwa adabu zote.

"Kompadre, nasikia kuna timu moja huko, kocha wao anamwacha mrushaji mpaka mkono unaning'inia."

"Kuna makocha wa ajabu, kompadre," Teódulo alisema kutoka chini ya taulo.

"Wapo, kompadre."

"Mungu awasaidie."

"Amina," alisema Librado, na akamnyoa.

Alhamisi ile kamati haikupiga kura, kwa sababu kura haikuhitajika. Wanne kati ya watano walikuwa wameshachoka. Walikubaliana hivi: Jumapili Maksai wanacheza nyumbani na La Caoba. Wakishinda, kocha abaki. Wakifungwa, Jumatatu mwenyekiti amwambie aache timu. Chago alitaka yeye ndiye akamwambie, ili kumwokoa mwenyekiti. Librado alikataa. Alisema mtu humzika wake mwenyewe.

Umeme haukurudi. Chago alifungwa kitambaa kichwani, akatoka, na wazee wa domino wakamsindikiza kwa kicheko hadi mwisho wa barabara.

Mchana haujaisha, akaingia Yudelka, yule mtoto wa maji ya mwaka sabini na nne, sasa msichana wa miaka ishirini anayeuza dawa katika famasi ya kiwanda. Aliinamisha kichwa kama anavyofanya tangu alipojifunza kutembea.

"Baraka, baba wa ubatizo."

"Mungu akubariki, binti yangu."

"Baba alikuja kunyolewa leo?"

"Baba yako huja Ijumaa."

"Kesho wana mazoezi, akasema aje leo. Alitoka nyumbani saa tisa. Alirudi na ndevu zake zote." Alimtazama Librado kwa namna ya mtu anayesoma cheti cha daktari. "Baba wa ubatizo, mama anasema kabla sijazaliwa nyinyi wawili mlikuwa mkitukanana uwanjani mpaka padri anaziba masikio."

"Mama yako anatia chumvi."

"Na baada ya mimi kubatizwa mkaacha."

"Ndiyo adabu."

"Basi kosa ni langu," Yudelka alisema. "Ningebaki mpagani, Maksai wangekuwa wanaongoza ligi."

Librado alicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameanza kuhesabu nani aliyekuwa akipita mlangoni saa tisa.

Nyumbani mkewe, Eneida, hakuuliza maswali mengi. Alikuwa anaponda ndizi za chakula cha jioni. Mkesha wa Krismasi nyumba hizi mbili huchoma nguruwe mmoja, na zamu ya mwaka huu ni ya kina Báez.

"Ukimfukuza," alisema, "nguruwe tutamla na nani?"

"Sijamfukuza."

"Nauliza mapema. Nguruwe ananunuliwa Oktoba."

Jumapili tarehe 25 Septemba uwanja ulijaa. Mwenyekiti ana kiti chake nyuma ya kibao cha nyumbani, chini ya kivuli cha bati, nyuma ya waya. Mila ni kwamba anakaa, anapiga makofi, haongei na benchi. Kutoka hapo Librado huona kile alichokiona alipokuwa mdakaji: mpira ukimjia usoni.

Kufikia mwisho wa zamu ya sita Maksai walikuwa wanaongoza nne kwa mbili. Mrushaji alikuwa Wandy Severino, mwenye mkono mwepesi na mipira inayozama ghafla mbele ya mpigaji kama iliyoangukia shimoni. Zamu ya saba mipira iliacha kuzama. Librado aliona kiwiko cha Wandy kimeshuka, upana wa vidole viwili hivi, halafu vitatu. Mpigaji wa kwanza wa La Caoba alirushiwa mipira minne mibovu, akapewa kituo bure. Wa pili pia. Benchini, Teódulo alikuwa amekunja mikono, kofia imemshukia machoni, amevaa jezi kama wachezaji wake, maana katika mchezo huu kocha naye huvaa jezi.

Watu walianza kupiga kelele za kawaida. Muuza karanga alimwambia kocha akauze karanga. Teódulo hakugeuka. Kelele za umma kwake ni kama mvua juu ya bati.

Librado alisimama. Akausogelea waya, akaushika kwa mikono miwili.

"Tolo!"

Waliokuwa karibu walidhani wamesikia vibaya.

"We Tolo, mkaidi mkubwa! Kiwiko cha mtoto kimeanguka! Unangoja mkono wote udondoke ndipo uuokote?"

Uwanja ulinyamaza. Haikuwa sauti, pale kila mtu ana sauti. Ni kwamba watu wazima wa Santa Rufina hawajawahi kumsikia kompadre akimwita kompadre wake hivyo, na vijana hawakujua hata kama mzee Báez alikuwa na jina hilo. Mke wa kocha, Doña Fefa, alifanya ishara ya msalaba. Chago Mota, aliyekuwa amenyolewa upande wa pili Jumamosi, alishika kichwa.

Teódulo alitoka benchini polepole. Akavua kofia. Akatembea hadi hatua chache kutoka kwenye waya, akamtazama mwenyekiti kwa muda ambao mwamuzi angeweza kuukatiza, lakini hakuukatiza.

"Yayo," alisema, kwa sauti ya kufika mbali. "Wewe uliyekuwa unadaka kwa mbavu, leo unanifundisha kurusha? Kanyoe mbuzi!"

"Mbuzi akiwa wewe nitamnyoa bure!"

Mtu mmoja alicheka, kisha jukwaa lote. Teódulo hakucheka. Alivaa kofia, akapanda kilimani, akanyoosha mkono. Wandy akampa mpira.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba Maksai walishinda. Mrushaji mpya alirusha mpira wake wa kwanza katikati kabisa ya kibao, na mpigaji wa La Caoba akaupeleka hadi kwenye miwa. Alama tatu: yake na za wale wawili waliokuwa vituoni. La Caoba wakaongoza tano kwa nne, na hivyo ndivyo mechi ilivyokwisha.

Jua lilikuwa bado juu watu walipoondoka. Librado alizunguka waya, akaingia uwanjani. Teódulo alikuwa amekaa peke yake benchini, amevua jezi, ameikunja magotini.

"Haya," alisema, akamnyooshea. "Kompadre wangu asingeweza kunifukuza. Yayo anaweza kumfukuza Tolo. Chukua."

Librado hakuipokea. "Nani kakwambia habari ya kufukuzwa?"

"Nilikuja kunyolewa Alhamisi. Nikafika mpaka kwenye meza ya domino. Chago alikuwa na nusu kichwa, lakini mdomo ulikuwa mzima."

"Mbona hukuingia?"

"Niingie niseme nini? Na wewe mbona hukutoka?"

Librado akakaa.

"Florida walinitoa kila mechi," Teódulo alisema. Alikuwa amecheza huko misimu miwili, kijana, kabla ya kurudi kiwandani. "Nikikosea mpira mmoja, naitwa nikae. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Lugha yao nilikuwa siijui, na wao yangu hawakuitaka. Niliporudi niliapa mrushaji wangu nitamwacha amalize kazi yake."

"Najua."

"Unajua, na umekaa nayo. Hapa ulikuwa unakuja kilimani unanitukania baba na mama, ndipo najua mkono wangu umechoka. Mrushaji hauoni mkono wake, Yayo. Na kocha aliyekuwa mrushaji naye hauoni. Anayeona ni wa nyuma ya kibao. Miaka miwili ninakaa benchi hili, umekaa pale nyuma ya waya unanipigia makofi."

"Ningekwambiaje? Wewe ni kompadre wangu."

"Ndiyo." Teódulo aliikunjua jezi, akaikunja tena. "Lakini yule kocha wa timu iliyoning'iniza mkono wa mrushaji, huyo wa Agosti. Ni mimi?"

"Ulijua?"

"Nilijua kabla taulo haijapoa. Nilingoja uendelee. Ukasema amina."

Jumatatu kamati ilikutana saluni, safari hii kwa kuitwa, na umeme ulikuwepo. Librado aliwaambia kwamba hakumfukuza kocha na hatamfukuza. Aliwaambia pia kwamba walikubaliana, na mwenyekiti asiyetimiza makubaliano hana kiti. Akajiuzulu. Kisha akaomba jambo moja: aruhusiwe kukaa benchini karibu na kocha, kama msaidizi, bila cheo.

"Kinyozi benchini!" Chago alisema. "Wapinzani watakuja na vichwa vyao wapange foleni!"

"Wewe hata ukija na chako kizima sikigusi," Librado alimjibu.

Walibishana hadi kahawa ya pili. Chago aliona huu ni ujanja wa kumwokoa mtu. Mwalimu Miledys aliona huenda ni ujanja, lakini pia ni jambo ambalo halijawahi kujaribiwa, na yeye hupenda kujua. Timu zote anazozifahamu humwondoa kocha au humwacha. Hajapata kuona timu iliyomwongezea kocha mtu wa kumtukana. Watatu walikubali, mmoja akakataa. Mwalimu Miledys ndiye mwenyekiti mpya, na alitoa masharti yake akiwa bado amesimama.

"Mechi tatu," alisema. "Baada ya hapo, nikifukuza, nafukuza wote wawili. Mimi sikumbatizia mtu mtoto."

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa Doña Fefa. Siku tatu hakuitika salamu ya Librado. Alisema ameolewa miaka ishirini na mmoja na tangu ubatizo ule hajasikia mumewe akiitwa mkaidi, tena mbele ya watu aliowafundisha katekisimu yeye mwenyewe Fefa, na kama ubatizo wa mwanawe ni kitu cha kuchezea aambiwe. Ni Yudelka aliyepata njia. Aliwaambia baba zake wawili kwamba uwanja una lango moja la chuma. Ndani ya lango, Tolo na Yayo, na waseme wanachotaka. Nje ya lango, makompadre, kama zamani. Doña Fefa alifikiri usiku mzima, kisha akasema sawa, ila lango lifungwe vizuri ili maneno yasitoke.

Mazoezi ya Ijumaa yalionyesha jinsi inavyokwenda. Ndani, Tolo alimwita Yayo chura mwenye goti bovu, na Yayo akamwambia Tolo kwamba kilima kile kimepata nafuu tangu alipokiacha. Wandy Severino alitolewa baada ya mipira arobaini, hakununa. Walipofika langoni walisimama. Kila mmoja alimpisha mwenzake.

"Tangulia, kompadre."

"Hapana, kompadre, wewe kwanza."

Walipita kwa shida, bega kwa bega, kwa sababu hakuna aliyekubali kutangulia. Nje, Librado alimuuliza kompadre wake kama nguruwe wa Krismasi ameshapatikana. Teódulo alisema anamfikiria mmoja, wa jirani, lakini bado ni mwembamba.

Jumapili tarehe 2 Oktoba Maksai wanacheza ugenini, katika kiwanda cha El Jagual. Basi la timu litaondoka mbele ya saluni saa moja asubuhi. Mrushaji atakayeanza ni Wandy Severino, na Librado Encarnación atakaa benchini, kushoto kwa kocha.